Herufi Moja Iliniondoa kwenye Usukani

Juma hili ninaandika juu ya jambo lenye nilipenda kuficha, kwa sababu linanipatia haya kidogo. Lakini kisha kuhesabu ni wangapi katikati yetu wako na shida ileile ndani ya sanduku zao bila kujua, nikaona kama kunyamaza ni vibaya zaidi.

Ilikuwa siku ya posho, asubuhi. Nilikuwa natoka Bunia na motokari ya kikundi chetu, pikapu ya zamani yenye wengi wenu munajua kwa sauti yake mbele ya kuiona. Nyuma kulikuwa bidoni za mafuta ya ngazi, mifuko ya maharagi, chumvi na sabuni ya wamama wa soko. Mbele kidogo ya kufika Iga Barrière, polisi wa barabara akatusimamisha. Sikuogopa. Asiransi ilikuwa nzuri, karte roze ilikuwa ndani, permi yangu ilikuwa ndani. Nikamupatia dokima zote, na juu yake karte ya uchaguzi, kwa sababu aliomba kitambulisho.

Alitazama permi. Akatazama karte ya uchaguzi. Akarudilia permi. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti: “Mama, wewe ni nani kati ya hawa wawili?”

Kwenye permi, jina langu la pili liliandikwa na herufi R. Kwenye karte ya uchaguzi, jina hilohilo liliandikwa na herufi L. Na mwaka wa kuzaliwa haukupatana: hapa 1984, pale 1986. Nilicheka, nikafikiri atacheka pia. Hakucheka. Alisema permi inabakia, isimame mupaka dokima zangu zipatane, na kama mimi siwezi kuendesha tena ile motokari hata metre moja.

Nikashuka. Kijana mumoja mwenye alikuwa na permi yake akatusaidia kufikisha mizigo Kilo. Mimi nilikaa pembeni yake kama musafiri, mikono kwenye magoti, kwenye barabara yenye nilikuwa najua kila shimo yake.

Motokari moja, nyumba kumi na mbili

Mutu mwenye hajui kikundi chetu anaweza kusema: permi ni permi, utembee kwa miguu. Lakini ile pikapu si yangu. Tuliinunua na franga ya AVEC yetu, wamama kumi na wawili, kila mumoja akiweka sehemu yake juma kwa juma, miaka mitatu. Kila safari ya Bunia inalipa mafuta, inalipa kitu kidogo kwa shofere, na yenye inabakia inaingia ndani ya sanduku. Sanduku hiyo ndiyo inalipa masomo ya watoto, na ndiyo inakopesha mama mwenye mutoto wake amelazwa.

Na shofere alikuwa mumoja tu: mimi. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, na tutalirudilia chini.

Juma la kwanza tulisema itaisha. Juma la pili tukalipa shofere wa nje, na faida yote ikaenda kwake. Juma la tatu motokari ikalala ndani ya lupango, kuku wakapanda juu yake. Mama mumoja, mujane mwenye watoto watano, alikuja kwangu asubuhi na mapema. Hakunilaumu. Alisema tu: “Dada, masomo wanafukuza watoto siku ya kwanza.” Nilitamani anitukane, ingekuwa mwepesi zaidi.

Usiku wenye niliwazia kuvunja sheria

Ni lazima niwaambie na hili. Ndani ya juma hilo la tatu, usiku, jirani yangu akagonga mulango. Binti yake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu mangaribi, na muzalishaji wa kituo cha afya alisema lazima afikishwe hospitali. Pikipiki haikuweza, binti hakuweza hata kukaa. Ufunguo wa pikapu ulikuwa umefungwa kwenye musumari pembeni ya mulango. Jirani aliona ufunguo, mimi niliona ufunguo.

Nilijua kuendesha. Mikono yangu haikusahau kwa sababu ya herufi moja. Lakini nilijua pia mambo mengine mawili. La kwanza: mikataba mingi ya asiransi inaomba shofere awe na permi yenye nguvu. Kama ningegonga mutu usiku ule, ao kama ningeangusha ile motokari na binti ndani, wamama kumi na wawili wangelipa miaka mingi. La pili: kwenye njia kungekuwa barrage, na mutu mwenye kuendesha usiku bila permi angetusimamisha sote pale, na binti katika hali ile.

Nikamuambia jirani: “Ngojea dakika tano.” Alinitazama kama mutu mwenye ninamukatalia mutoto wake uzima. Nikakimbia kwenye nyumba ya mwalimu wa masomo ya sekondari, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye nilijua ana permi. Aliamka, akavaa koti juu ya pijama, akakuja. Yeye aliendesha, mimi nilikaa nyuma juu ya matela nikishika kichwa cha binti. Zile dakika tano zilikuwa ndefu kuliko safari yote. Mutoto alizaliwa mbele jua halijapanda, musichana, na mama yake akabakia na uzima.

Jirani hakusema na mimi siku kumi. Ninamuelewa. Ninaandika hili ili mama yeyote mwenye kusoma asifikiri kama shida ya karatasi ni shida ya karatasi tu.

Juu ya nini dokima zetu hazipatane?

Kisha pale nilianza kuuliza watu. Nikagundua kama sikuwa peke yangu, na kama mambo haya yana mizizi ya zamani.

Kwanza, majina. Wenye kuzaliwa wakati wa Mobutu wanakumbuka: mwaka wa 1972, wakati wa siasa ya kurudia asili, majina ya kikristo yalikatazwa kwenye dokima za serikali. Mutoto alibatizwa kwa jina moja kanisani, akaandikwa kwa jina lingine kwenye Leta. Kisha mabadiliko ya 1990, majina ya ubatizo yakarudi polepole. Hivi mama mumoja anaweza kuwa na diplome yenye majina mawili, karte yenye majina matatu, na kila mutu anasema ukweli.

Pili, sauti za kwetu. Majina mengi ya Ituri yana sauti zenye haziingie mwepesi ndani ya herufi za kifaransa: Dh, Dz, Ndj, L yenye wengine wanasikia kama R. Mwandishi mwenye kutoka mbali anaandika vile sikio lake linasikia. Wewe unasema jina mara moja, yeye anaandika, unaweka kidole, basi. Tangu siku hiyo uko mutu mupya.

Tatu, vita. Kati ya 1999 na 2003 nyumba nyingi za Ituri zilichomwa, na kuanzia mwisho wa mwaka wa 2017 wakaaji wa Djugu wakakimbia tena. Mutu mwenye kukimbia anabeba mutoto na sufuria. Habebi acte ya kuzaliwa. Kisha, kwenye kambi ao kwa ndugu zake, anafanya karatasi mupya kwa kukumbuka. Miaka inapotea, herufi zinabadilika.

Ine, hatukuwa na kitambulisho kimoja cha taifa chenye kusimama juu ya vingine vyote. Wengi wetu tunatumia karte ya uchaguzi. Serikali ilianzisha karte ya taifa mwezi wa sita 2023, lakini mukataba wa kuitengeneza ukavunjwa mwaka wenye ulifuata. Na karte ya uchaguzi inaandikwa upya karibu kila uchaguzi, mbio mbio, watu wakiwa kwenye safu ndefu juani. Kila mara ni nafasi mupya ya kukosea.

Ongeza juu yake kosa langu mwenyewe. Wakati nilitafuta permi, sikuenda mwenyewe kuandika formulere. Nilimupatia komisionere, kijana mwenye anakaaga mbele ya biro na mifuko ya plastiki yenye kujaa dokima za watu. Nilimulipa, nikaenda soko. Aliponiletea permi, nilitazama picha tu, nikaona ni mimi, nikafurahi. Majina sikusoma. Miaka ine niliendesha na jina la mutu mwenye hayuko.

Dolare 60 za njia fupi

Komisionere yuleyule nilimurudilia. Alisema: “Mama, toa dolare 60, siku tatu, unapata permi mupya, jina lolote lenye unapenda.” Nilikuwa nazo. Jioni ile nilizihesabu mara mbili juu ya meza.

Kwenye mukutano wetu wa siku ya tano nikawaambia wenzangu. Mama mukubwa wa kikundi, mwenye hajui kusoma kifaransa lakini anajua kusoma watu, akaniuliza jambo moja: “Ile permi ya kwanza, nani aliiandika?” Nikasema: komisionere. “Na sasa unataka nani aandike ya pili?” Watu wote wakanyamaza.

Akaongeza kama njia fupi ndiyo ilitufikisha pale tulikuwa. Permi yenye inapatikana kwa siku tatu haina dosie nyuma yake. Siku yenye watatafuta namba yake ndani ya kitabu, hawataiona. Pale hawatasema tena “herufi hazipatane”. Watasema “umetumia dokima ya uongo”, na ile ni kosa lenye kupeleka mutu mbele ya tribinali.

Dolare zikarudi ndani ya sanduku. Tukaamua kufuata njia ndefu.

Maneno matatu yenye hayafanane

Kitu cha kwanza chenye nilijifunza ni kuuliza vizuri. Sheria ya barabara ya inchi yetu ni ya tarehe 30 mwezi wa 8, 1978. Inaomba mutu mwenye kuendesha awe na permi, na awe nayo pale anaendesha. Permi kwenye nyumba, na wewe kwenye njia, haitoshi.

Lakini wakati polisi anachukua permi yako, kuna mambo matatu yenye hayafanane:

Inaweza kuwa imekamatwa. Maana yake iko kwenye biro fulani, wanangojea uonyeshe kitu, kisha wanakurudishia.

Inaweza kuwa imesimamishwa. Maana yake kuna uamuzi kama usiendeshe kwa muda fulani ao mupaka jambo fulani lifanyike.

Inaweza kuwa umenyang'anywa haki ya kuendesha. Hapo tribinali imeingia, na kuna hukumu.

Kila moja ina mulango wake wa kutokea. Mimi, ile siku ya kwanza, niliondoka bila kuuliza, bila karatasi, bila jina la biro kwenye permi inapelekwa. Ilinichukua safari mbili za Bunia kwa pikipiki kujua tu permi iko wapi. Kwa hiyo, mama: kama wanachukua dokima yako, omba kwa heshima karatasi yenye kuonyesha nini imechukuliwa, siku gani, juu ya nini, na utaifuata wapi. Sema: “Mukubwa, sikatae. Ninaomba tu karatasi ili nijue fasi ya kwenda.” Kama hawana, andika wewe mwenyewe ndani ya kitabu: siku, saa, fasi, mutu mwenye aliona. Mbele ya yote, kuwa na fotokopi ya kila dokima nyumbani. Mimi sikuwa na fotokopi ya permi. Kuomba kurudishiwa kitu chenye hujui hata namba yake ni kazi.

Kutafuta muzizi

Kwenye biro waliniambia jambo lenye lilinisaidia: hatuwezi kutengeneza permi kwa kutazama karte ya uchaguzi, wala karte kwa kutazama permi. Tunatafuta dokima yenye kuwa muzizi. Muzizi ni acte ya kuzaliwa.

Sikuwa nayo. Ilichomwa, ao haikuandikwa hata siku moja. Mama yangu hayuko tena wa kumuuliza.

Kwa mutu kama mimi, sheria ya familia imeweka mulango: tribinali inasikiliza, kisha inatoa uamuzi wenye kuchukua fasi ya kuandikisha kwenye hakukufanywa. Kwenye gishe wataita *jugement supplétif*. Mujifunze jina hilo, kwa sababu ndilo watakuuliza. Kwa mutu mukubwa ni tribinali ya amani, ile ya *tribunal de paix*. Kwa mutoto ni tribinali ya watoto. Kisha uamuzi, unaupeleka kwa mwandishi wa état civil, anauandika ndani ya kitabu, na hapo unapata acte.

Kama uko na acte lakini jina lina kosa, si komisionere wala sekretere mwenye anaweza kufuta na kalamu. Kubadilisha ao kutengeneza jina ni kazi ya tribinali pia. Mutu mwenye anakuambia “lete, nitafuta R niweke L” anakutafutia shida ya pili.

Mimi nilipeleka nini? Karatasi ya ubatizo, yenye niliipata kwenye kitabu cha parokia. Cheti cha masomo ya primere, yenye kaka yangu alikuwa ameficha ndani ya Biblia yake wakati wa kukimbia. Karte za uchaguzi za zamani. Na mashahidi wawili wenye walinijua tangu utoto: mama mudogo, na muzee mumoja wa kartie mwenye alikuwa jirani ya baba yangu. Dokima tatu kati ya hizo ziliandika jina na L, na mwaka wa 1984. Basi karte ya uchaguzi ilikuwa na kosa la mwaka, na permi ilikuwa na kosa la herufi. Kila moja ilikuwa na uongo wake mudogo.

Kila malipo yenye walinionyesha kwa maandishi, kwenye *note de perception*, nilienda kulipa benki, nikatunza karatasi ya benki. Kila malipo yenye waliniomba kwa mudomo, niliomba waniandikie. Mara mbili, malipo hayo yalipotea yenyewe.

“Barua ya bwana iko wapi?”

Kwenye biro moja, yenye sitataja, mwandishi aliniuliza barua ya bwana yangu yenye kuniruhusu kufuata dosie. Alisema bila ubaya, kama mutu mwenye kurudilia kitu chenye alijifunza zamani.

Zamani ilikuwa vile kweli. Sheria ya familia ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987 iliomba mwanamuke mwenye kuolewa apate ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Lakini sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016 iliondoa ile ruhusa. Nilikuwa nimejifunza hilo hapahapa, kwenye mukutano wetu mumoja wa wamama. Nikamuambia polepole: “Papa, sheria ya 2016 imebadilisha ile. Bwana yangu anajua niko hapa, na anakusalimia. Lakini dosie ni yangu.” Alinyamaza kidogo, akachukua dosie.

Bwana yangu, nilipomuelezea jioni, alicheka sana. Akasema hata kama wangeomba ile barua, angeiandika na kukosea jina langu.

Juma la nane

Kazi yote ilichukua majuma nane tangu siku ya barrage. Safari sita za Bunia. Usiku mbili nililala kwa dada yangu kwa sababu njia haikuwa nzuri na saa zilikuwa zimepita. Siku yenye nilipata permi yenye jina langu la kweli, nilisimama mbele ya gishe nikasoma herufi moja moja kwa sauti. Watu wa nyuma yangu kwenye safu wakanung'unika. Nikamaliza kusoma, ndipo nikaweka kidole.

Siku ya posho yenye ilifuata, kwenye fasi ileile, polisi yuleyule akanisimamisha. Akatazama permi, akatazama acte ya kuzaliwa yenye nilikuwa nimeongeza juu kwa kiburi kidogo. Akasema: “Sasa uko mutu mumoja, mama. Enda.” Sikumuchukia. Alisoma, jambo lenye mimi sikufanya miaka ine.

Yenye tulibadilisha kwenye kikundi

Kwanza, motokari haitakuwa tena na shofere mumoja. Wamama wawili wengine wanajifunza, na wanaandika formulere zao wenyewe, na mutoto wa sekondari pembeni kama kifaransa ni kigumu. Hakuna komisionere.

Pili, tulifanya mukutano mumoja wa kutandika dokima. Kila mama alikuja na kila karatasi yenye jina lake: karte, cheti cha masomo, karatasi ya ubatizo, ya ndoa, ya shamba, kitabu cha AVEC. Tukaziweka chini juu ya kitambaa, tukasoma kwa sauti. Kati ya sisi kumi na wawili, wanane walikuwa na tofauti ya jina ao ya mwaka. Mama mumoja aligundua kama kwenye karatasi ya shamba yeye si yeye. Afadhali agundue akiwa amekaa na sisi, kuliko agundue siku ya matatizo ya urizi.

Fanyeni hivyo kwenye vikundi vyenu. Haiombe franga. Munahitaji kitambaa, mutu mumoja mwenye kujua kusoma vizuri, na daftari. Andikeni:

1. Jina langu, vile liko kwenye kila dokima, herufi kwa herufi.
2. Siku na mwaka wa kuzaliwa kwenye kila dokima.
3. Namba ya kila dokima, na siku yenye inaisha kama iko na mwisho.
4. Gani ndiyo muzizi, na gani inapaswa kutengenezwa.
5. Fotokopi iko kwa nani, nje ya nyumba yangu.

Hiyo ya tano ni kwa sababu tunajua fasi tunakaa. Fotokopi ndani ya nyumba ileile inachomwa pamoja na nyumba. Mupatie ndugu mwenye kukaa muji mwingine.

Tatu, watoto. Sheria inasema mutoto aandikishwe ndani ya siku 90 kisha kuzaliwa, na kuandikisha ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita 90, unaingia kwenye njia ya tribinali, ile yenye mimi nilitembea majuma nane. Wamama, siku 90 ni myezi tatu. Ni muda wa kunyonyesha na kupumzika kidogo, kisha unafunga mutoto mugongoni na kwenda kwa état civil na karatasi ya muzalishaji. Andika jina la mutoto kwenye karatasi mbele ya kutoka nyumbani, kwa herufi kubwa. Usiseme jina kwa mudomo tu. Mupatie mwandishi karatasi, na kisha soma yenye ameandika mbele ya kasheti kuanguka.

Yule mutoto wa usiku ule, binti ya jirani alimuandikisha siku ya 22. Nilienda pamoja nao, na jirani, ambaye sasa tunasalimiana, ndiye alibeba karatasi ya jina. Mwandishi alipomaliza kuandika, jirani akaomba kitabu, akakigeuza upande wake, akaweka kidole chini ya kila herufi. Ilikuwa na kosa moja. Mwandishi akatengeneza palepale, kwa sekunde mbili, bila dolare, bila tribinali.

Juma lenye linakuja tutaandika juu ya karatasi za shamba na wajane. Yule mama mwenye si yeye kwenye karatasi yake ameruhusu tueleze habari yake, lakini ameomba jina lake lisitajwe mupaka limalizike kutengenezwa. Mubakie na amani.